Matofali Mia Moja na Themanini

Mke wangu hadi leo huihesabu darubini yangu kwa matofali. Niliinunua mwaka 2015 kwa shilingi laki moja na themanini elfu, na siku zile kwa fundi wetu wa Mbagala tofali moja lilikuwa elfu moja. Kwa hiyo mgeni akija nyumbani akauliza lile bomba refu juu ya kabati ni la nini, mwenzangu hujibu bila hata kugeuka: "Hayo ni matofali mia moja na themanini." Mgeni hucheka, akidhani ni utani. Mimi hucheka pia, lakini cheko langu ni la upande mmoja wa mdomo.

Ndugu msomaji, usije ukadhani unasoma habari za mtaalamu. Mimi ni mtunza stoo. Kazi yangu ni kuhesabu maboksi yanayoingia na yanayotoka kwenye ghala moja kando ya Barabara ya Nyerere, na yakipungua mawili nakatwa mshahara. Elimu yangu ya nyota nimeiokota huku na kule, kama mtu anayeokota kuni. Kuni ya kwanza nilipewa na bibi yangu mzaa mama, aliyenionyesha Kilimia nikiwa mdogo kijijini, akaniambia kale kafungu ka nyota ndiko kalikowaambia wazee wakati wa kushika jembe, na jina lake limetoka hukohuko kwenye kulima. Zile nyingine niliziokota mjini, na kwa sababu ambayo haina heshima hata kidogo: kukatika kwa umeme.

Watu wa Dar umeme ukikatika hupiga kelele mtaa mzima, "Aaaah!" kwa pamoja kama timu imefungwa bao. Mimi ndiye peke yangu niliyekuwa natoka nje nikitabasamu. Taa za barabarani zinazimika, za baa zinazimika, na lile anga lililokuwa la rangi ya chai ya maziwa linageuka jeusi tii, nyota zinamwagika. Siku za mgao nilikuwa tajiri. Sikuthubutu kulisema hilo kijiweni, wangenitoa meno.

Na anga letu jamani ni la bahati. Dar es Salaam iko kama nyuzi saba tu kusini mwa ikweta, maana yake ukisimama uani kwako usiku wa mwezi wa tano, mawingu ya masika yakikuhurumia, unaugeukia kusini unauona Msalaba wa Kusini umesimama wima, kisha unageuka nyuma unaziona nyota saba za Dubu Mkubwa zimening'inia kaskazini. Mtu wa London hauoni ule Msalaba maisha yake yote akibaki kwao. Sisi tunaviona vyote viwili kwa kugeuza shingo, na wengi wetu hatuigeuzi.

Basi, darubini. Rafiki yangu mmoja alikuwa askari wa getini kwenye nyumba ya mgeni mmoja Oysterbay aliyekuwa anahama, anauza vitu vyake vyote. Akanipigia simu: "Mshikaji, kuna dude hapa la kuangalizia nyota, njoo haraka kabla sijamwambia mtu mwingine." Nilikwenda siku hiyohiyo baada ya kazi. Kioo cha mbele kina upana wa milimita 70, urefu wa bomba ni kama wa mguu wa mtu mzima, na inasimama kwa miguu mitatu. Ina vioo viwili vidogo vya kuchungulia: kimoja kinakuza mara 28, kingine mara 70. Pesa niliyokuwa nayo mfukoni ilikuwa ya matofali. Tulikuwa tumenunua kiwanja Chamazi kwa taabu, na binti yetu wa kwanza alikuwa na miezi miwili.

Sijui nikueleze nini hapo. Ninyi mnaoandika mashairi usiku wakati wenzenu wamelala, ninyi mliowahi kununua kitabu kwa nauli ya kurudi nyumbani, mtanielewa. Wengine nawaomba mnivumilie tu.

Usiku ule mke wangu alinyamaza. Kunyamaza kwake ni kubaya kuliko kelele. Niliifunga darubini uani, nikaielekeza kwenye nyota moja ya manjano karibu na kundi la Nge, iliyokuwa juu kabisa ya utosi. Niliihangaikia kama nusu saa maana hata kuilenga sikujua. Halafu ikaingia. Ilikuwa ndogo kama punje ya mtama, na imezungukwa na pete.

Shuleni sayari ile tuliimbishwa kwa jina la Sarateni. Baadaye mzee mmoja wa Unguja, baharia mstaafu tuliyepanga naye nyumba moja, aliniambia hilo limekosewa: sarateni kwa Kiarabu ni kaa, lile kundi la nyota, na sayari yenyewe jina lake la zamani ni Zohali. Tangu hapo naiita Zohali, kwa heshima ya mzee. Nilimwita mke wangu aje aone. Akaniambia anamnyonyesha mtoto. Na kweli alikuwa anamnyonyesha.

Sasa bwana, tatizo la nyota ni kwamba zinatoka usiku. Na tatizo la kazi ni kwamba inaanza asubuhi. Kutoka Mbagala mpaka ghalani nabadilisha gari mara mbili, na ili niingie saa moja na nusu lazima niamke saa kumi na nusu alfajiri, foleni ya Barabara ya Kilwa haina undugu na mtu. Mwenye akili analala saa tatu. Mimi nilikuwa nalala saa saba, saa nane, kisha nasinzia kwenye daladala nikiwa nimesimama, mkono umeshika bomba, kichwa kimelala begani kwa mtu nisiyemjua. Ghalani nikahesabu maboksi mia mbili na kumi nikaandika mia mbili na moja. Meneja aliniita mara ya kwanza, akaniita mara ya pili. Mara ya tatu hakuniita, alinipa barua.

Nikajifunza ujanja mmoja ambao bado nautumia. Ile saa kumi na moja alfajiri ninapotembea kwenda kituoni ni usiku bado, na mvuke wa jiji umetulia. Ni robo saa ya kutembea. Nimeijua mbingu zaidi kwa robo saa hizo kuliko kwa darubini. Zuhura inapokuwa nyota ya asubuhi inawaka mashariki kama taa ya gari linalokuja, mpaka kuna siku kondakta mmoja alinicheka: "Mjomba, unapungia mkono gari gani? Ile ni nyota!" Unaona nyota zinavyosogea wiki kwa wiki, ile uliyoiacha juu ya paa la msikiti mwezi uliopita leo iko juu ya mnara wa simu. Halina gharama hilo, wala halimnyimi mtu usingizi.

Majirani walikuwa kimbembe kingine. Fikiria mwenyewe: saa nane za usiku, mwanamume mzima amesimama uani kimya, amevaa koti, ameinamia bomba lililoelekezwa juu ya mapaa ya watu. Mbagala! Jirani yetu mmoja, mama muuza vitumbua tuliyekuwa tukimwita Mama Vitumbua, huamka saa tisa kuwasha jiko. Siku ya kwanza kunikuta alitupa sufuria akakimbilia ndani. Kesho yake mtaa mzima ulikuwa na habari. Nilipopita, wenye watoto wachanga waliwavuta watoto wao. Nikajieleza kwa mjumbe wa nyumba kumi, nikampa achungulie mwezi, akaona mashimo yake na milima, akasema "Subhanallah," akaniruhusu. Mama Vitumbua hakuruhusu chochote. "Mchawi wa kisasa huyo," alisema, "ana mitambo."

Upande wa pili walikuwapo walionitaka mema, na hao walikuwa wasumbufu zaidi. Vijana walikuja jioni kwa staha: "Kaka, nisomee nyota yangu, mambo yamegoma." Kwetu mtu wa nyota ni mnajimu, na mnajimu ni marehemu Sheikh Yahya Hussein, aliyefariki mwaka 2011 na ambaye utabiri wake nchi nzima iliungoja. Nikiwaambia kwamba mimi naangalia tu, sitabiri, waliniona bahili. Mmoja alinipa elfu tano. Nilimrudishia, na mke wangu aliyekuwa dirishani akaniuliza kwa upole kabisa, "Hayo si matofali matano?"

Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa, na pete yenyewe ilipita kusini mwa nchi yetu. Rujewa, kule Mbarali, watu walikusanyika kuliona jua zima likigeuka bangili, kwa kuwa siku hiyo mwezi ulikuwa mbali kidogo na dunia, ukawa mdogo, haukuweza kulifunika lote. Niliomba ruhusa ya siku tatu. Kwa ile barua niliyokuwa nayo kwenye faili, unaweza kukisia jibu. Nililiangalia Dar, uani kwa ghala, karibu na saa sita mchana, sisi na vibarua, kwa boksi lenye tundu la sindano. Lakini kilichowashangaza wale jamaa hakikuwa boksi langu. Kulikuwa na mwembe pale, na chini yake kila tone la mwanga lililopenya kwenye majani lilikuwa limegeuka hilali. Mamia ya miezi midogo, kwenye vumbi, kwenye mashati yao, kwenye magunia. Kibarua mmoja alinyoosha kiganja akakiangalia, hakusema neno. Meneja naye alitoka, akaangalia, akarudi ndani. Sikumchukia tena baada ya siku ile, ingawa sikumsamehe Rujewa.

Nimekuwa nikizungukazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Niseme lile la mwaka 2018.

Tarehe 27 Julai 2018, Ijumaa, mwezi ulipatwa wote kwa muda mrefu kuliko wakati mwingine wowote katika karne hii: saa moja na dakika 43 ndani ya kivuli cha dunia. Na kama hiyo haitoshi, Mirihi ilikuwa imeikaribia dunia kuliko miaka yote tangu 2003, nyekundu, kando ya mwezi. Niliisubiri siku hiyo kama harusi. Nilipanga kwenda Kibada, upande wa Kigamboni, kwa rafiki mwenye nyumba isiyokwisha, darini hamna taa.

Jioni mke wangu aliniambia, "Mtoto ana joto." Binti yetu alikuwa na miaka mitatu. Nilimgusa paji la uso. Alikuwa na joto. Nikasema, "Mpe panado, atapoa." Nimeliandika neno hilo kama nilivyolisema. Nikaibeba darubini kwenye shuka, nikapanda gari la Kongowe.

Jicho likikaa gizani linahitaji kama nusu saa kuzoea, na mwanga wa simu hukuharibia kazi yote kwa sekunde moja. Kwa hiyo simu niliinyamazisha nikaitia ndani ya begi. Saa nne na nusu usiku mwezi ukawa mwekundu wote, rangi ya shaba iliyochoka. Msikiti wa jirani waliswali swala ya kupatwa, sauti ya imamu ilikuja na upepo wa kusi. Tulikaa darini hatuongei. Nilikuwa na furaha, ndugu msomaji. Siwezi kusema uongo juu ya hilo hata sasa, ilikuwa miongoni mwa furaha kubwa za maisha yangu.

Saa sita na nusu nilitoa simu nitazame saa. Nilikuta nimepigiwa mara kumi na nne.

Binti yangu alikuwa ameshikwa na degedege. Ilikuwa malaria. Mama mkwe, aliyekuwa ametutembelea kutoka Morogoro, alitaka apelekwe kwa mganga maana degedege kwao ni la ndege wa usiku. Mke wangu alikuwa amechanganyikiwa, anapiga simu, simu inaita tu. Aliyemchukua mtoto mikononi ni Mama Vitumbua. Alivunja mlango wa dereva wa bajaji kwa ngumi mpaka akaamka, akasema hospitali na si kwingine, akalipa nauli kwa pesa yake ya unga wa kesho.

Nilifika wodini saa nane kasoro, na darubini begani, imefungwa shuka kama maiti. Sikuwa na pa kuiweka. Mtoto alikuwa amelala, ana dripu. Mama mkwe aliniangalia tangu miguuni hadi juu. "Mwezi umeliwa," alisema, "mtoto anakwenda, na wewe umekwenda kuutazama."

Nilikuwa na majibu. Nilijua kivuli cha dunia kina urefu gani, nilijua mwezi hauliwi, nilijua malaria inaletwa na mbu na kwamba mwezi haujawahi kumtia mtoto degedege. Ningeweza kumchorea pale pale kwenye sakafu ya wodi. Lakini swali lake halikuwa la mwezi, hata kama yeye mwenyewe alidhani ni la mwezi. Nilisema, "Nisamehe, mama." Mke wangu hakusema kitu. Mama Vitumbua alikuwa amekaa kwenye benchi, khanga yake ina matapishi ya mwanangu. Alisogea kidogo nikae. Darubini nikailaza chini ya benchi.

Mtoto alipona. Nalisema mapema ili usije ukasoma yaliyobaki na moyo mkononi. Siku ya nne alitoka, siku ya kumi anafukuza kuku.

Darubini niliifunga kwa kamba nikaiweka juu ya kabati, nikaapa. Hakuna aliyeniapisha. Nilianza kulala saa tatu, nikawa nahesabu maboksi vizuri, nikapandishwa cheo kidogo. Kila mtu alisema nimekuwa mtu mzima. Kuna namna ya kuacha kitu ambayo kwa kweli ni namna ya kununa, na mimi nilinuna miaka miwili na ushei, nikidhani natubu. Mke wangu ndiye aliyeliona hilo, mimi nimelijua baadaye. Nilikuwa nyumbani kila usiku, lakini alisema ni kama kuishi na mpangaji.

Desemba 2020 alikuwa anaanua nguo jioni akaniita. "Baba nanihii, hebu njoo. Zile nyota mbili zilizogandana pale ni nini? Jana zilikuwa zimeachana." Nilijua ni nini. Nilikuwa naziona kila siku nikirudi kazini, najifanya sizioni. Ilikuwa Mshtarii na Zohali, na tarehe 21 Desemba zilikaribiana kiasi ambacho hazikuwahi kukaribiana tangu mwaka 1623, nafasi kati yake ni kama moja ya tano ya upana wa mwezi mpevu. Nilimweleza kwa maneno mawili matatu, nikanyamaza.

Akaweka beseni chini. "Sasa hayo matofali yangu yanafanya kazi gani huko juu ya kabati?"

Alichungulia kwa mara ya kwanza tangu nilipoyanunua. Ndani ya duara moja la kioo alikuwa na vyote: Mshtarii na vijinyota vyake, ile miezi aliyoigundua Galileo mwaka 1610, na pembeni Zohali na pete yake. Alikaa muda mrefu. Nilikuwa natetemeka kama siku ya posa. Halafu akasema, "Kumbe ina pete kweli," kama mtu ambaye miaka mitano yote alidhani namdanganya.

Usiku ule tuliongea mpaka zikazama, kisha tukaendelea. Sharti lake lilikuwa moja, na halikuhusu usingizi wala pesa kama nilivyotarajia. Alitaka simu iwe mfukoni, na iwe inaita. "Mwanga wake ukikuharibia macho," alisema, "yaharibike." Mimi nikaongeza yangu: mtu akiwa na joto, sitoki. Mengine tunakubaliana kadiri yanavyokuja, na mara nyingine tunagombana. Mwisho wa mwezi kuna kuhesabu mali ghalani, siku hizo nyota nazisahau. Ramadhani tukiamka kula daku naiba dakika kumi uani. Yeye ana biashara yake ya batiki, akiwa na oda mimi ndiye mwenye watoto, sasa ni wawili, na mvulana wa pili hapendi nyota, anapenda magari.

Binti yetu siku ile ya Desemba hakuwapo, alikuwa Morogoro kwa bibi yake likizo. Mama yake alimsimulia pete. Akaja kwangu: "Baba, na mimi." Nikamwahidi.

Mwaka 2021 nikakuta kioo kimeota ukungu, joto la pwani halina huruma, na kumpata mtu wa kukisafisha bila kukikwaruza ikachukua muda. Mwaka 2022 nilikuwa nafanya zamu mbili ili tuezeke nyumba ya Chamazi. Mwaka 2023 tukahamia humo, haijapigwa plasta, umeme haujavutwa, anga jeusi la kupendeza, na mimi kila jioni nabeba maji na kuchanganya saruji. Mwaka 2024 sijui ulikwenda wapi. Nilikuwa nasema mwakani. Nilidhani pete hazina haraka.

Ukweli ni kwamba zina haraka yake. Zohali inalizunguka jua kwa miaka 29 na nusu hivi, imeinama, na kila baada ya miaka kama 15 pete zake zinatugeuzia ubavu, nazo ni nyembamba mno, zinakuwa mstari au hazionekani kabisa. Lilimpata hata Galileo: mwaka 1610 aliona kama sayari ina masikio, mwaka 1612 akaangalia tena masikio hayapo, akashangaa asijue la kusema. Ni Huygens aliyelitegua fumbo, mwaka 1659, kwamba ile ni pete. Mimi nililijua hili. Nilijua kabisa kwamba Machi 2025 zingekaa ubavu. Nilikuwa nimeliandika kwenye daftari.

Tarehe 7 Septemba 2025, Jumapili, mwezi ulipatwa tena wote kwetu hapa. Nyumba yetu ya Chamazi ina ukuta wa uani ambao haujakamilika upande wa mashariki, kuna pengo la kupita gari. Mke wangu huwaambia wageni kwamba pengo hilo ndilo darubini. Basi tulitandika mkeka mbele ya pengo tukauona mwezi ukipanda humo humo, mzima, mkubwa. Saa mbili na nusu usiku ulikuwa mwekundu wote. Simu ilikuwa mfukoni kwangu, inaita. Ilipiga mara moja, ni mtu wa ghalani akiuliza funguo. Mwanga ukaniharibia macho.

Chini ya mwezi, upande wa mashariki, kulikuwa na nyota ya manjano imetulia. Binti yangu, miaka kumi sasa, aliiona kabla sijamwonyesha. "Ile ndiyo yenye pete?"

Niliilenga. Siku hizi hainichukui nusu saa. Akainama, akachungulia, nywele zake zikagusa bomba likatikisika, akangoja litulie kama nilivyomfundisha. Kisha akasema, "Baba, mbona ina mstari tu? Kama mtu ameichoma na sindano."

Nikamweleza. Nilimweleza na lile la kuwa pete zilikuwapo wazi miaka yote ile niliyokuwa nasema mwakani. Angeweza kulisoma mwenyewe siku moja, nikaona bora alisikie kwangu. Hakukasirika, au labda alikasirika kwa namna ya mama yake. Aliuliza, "Zitafunguka lini?"

"Zinafunguka kidogo kidogo kila mwaka. Zitakuwa wazi kabisa kama mwaka 2032."

Akahesabu vidole. "Nitakuwa na kumi na saba."

"Eee."

"Na mwakani je?"

"Mwakani utaona kitu. Chembamba, lakini utakiona."

"Mwakani ya kweli?" aliuliza.

Mama yake alikuwa upande wa pili wa mkeka, mvulana amelala mapajani mwake, anaongea na simu. Alikuwa amempigia Mama Vitumbua kule Mbagala atoke nje auone mwezi. Sauti ya yule mama ilisikika mpaka kwangu, ameshatoka, yuko uani na wajukuu, anauona. "Na huyo mchawi wako yuko wapi leo?" akauliza. Mke wangu akaniangalia. "Yupo," akasema, "yuko hapa hapa." Kisha akaniambia niwabebe watoto ndani, maana kesho ni Jumatatu, na saa kumi na nusu haikuwa mbali.

Binti yangu alikataa kubebwa. Alikuwa amerudi kwenye kioo.